Kidimbwi Nyuma ya Nyumba: Samaki Wengi si Chakula Kingi

Katika vijiji vingi vya Kongo mtu huona, karibu na kijito, shimo pana lenye kuta za udongo zilizobomoka, nalo limejaa majani. Wazee humwambia: «Hapa palikuwa na kidimbwi cha samaki.» Katika miaka ya 1950 serikali ya Wabelgiji iliwahimiza watu kufuga tilapia, na vidimbwi vikachimbwa kwa makumi ya maelfu. Baada ya mwaka 1960 vingi viliachwa. Wengine walikuwa wamechimba kwa kusukumwa tu, wala si kwa kupenda. Wengine walikosa mtu wa kuwaonyesha kazi. Lakini wengi walichoka kwa sababu hii: kila walipovua, walipata samaki wadogo kama kidole, wenye miiba mingi na nyama haba.

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwa kuwa hata siku hizi baba wengi wa nyumba wanachimba kidimbwi, wanatia samaki, wanangoja, kisha wanakata tamaa. Nao hudhani ya kuwa samaki wao ni wa mbegu mbaya. Sivyo. Mara nyingi shida ni kwamba watoto wamezidi.

Mama anayelea kinywani

Wachina wamefuga samaki wa rangi ya dhahabu kwa miaka zaidi ya 1000, ili kupamba bustani zao. Samaki huyo hutaga mayai juu ya majani ya maji, kisha hugeuka na kuyala. Mfugaji asipoyaondoa mapema, hapati kitu. Tilapia wa Nile, ambaye ni mwenyeji pia wa maziwa ya Kivu na Tanganyika, ana desturi nyingine kabisa. Dume huchimba shimo la duara chini ya maji na kuwafukuza madume wengine. Jike huja, hutaga shimoni, na mara moja huyaokota mayai yote kinywani mwake. Humo mayai huanguliwa, na humo vifaranga hukaa mpaka waweze kuogelea wenyewe. Kazi hiyo huchukua juma moja hadi mawili, kwa kadiri ya joto la maji. Siku hizo mama hula kidogo sana, au hali kabisa. Hata akiisha kuwatoa, hatari ikitokea hufungua kinywa, nao hukimbilia ndani.

Malezi hayo ni ya ajabu, lakini ndani ya kidimbwi kidogo huleta taabu. Katika mto, vifaranga wengi huliwa na samaki wakali na ndege. Katika kidimbwi chetu hawana adui wengi, basi wengi hupona.

Ninyi wanafunzi, tuhesabu pamoja. Kidimbwi cha mita 10 kwa 10 kina samaki 200, na nusu yao ni majike. Jike wa gramu 100 hutoa mayai kama 100 kwa mara moja. Majike 100 mara mayai 100, ni 10,000. Hata wakifa tisa katika kila kumi, wamebaki 1000, nao wanakula chakula kile kile kilichowatosha 200. Tena tilapia huanza kuzaa akiwa na miezi mitano au sita, mara nyingine mapema zaidi, na hurudia mara nyingi kwa mwaka. Ndiyo maana kidimbwi hujaa midomo na kukosa nyama.

Chumba cha watoto

Dawa ya kwanza ni kuwatenga watoto na wazazi. Chimbeni kidimbwi cha pili, kidogo, cha mita 2 kwa 5, chenye kina cha sentimita 50 hivi. Msikijaze maji mapema. Kikikaa na maji siku nyingi kabla ya kutia vifaranga, vyura na kerengende huzaa humo, na mabuu ya kerengende hula samaki wachanga bila huruma.

Asubuhi vifaranga huogelea makundi makundi kando ya maji. Wachoteni kwa wavu wenye matundu madogo sana, wachukueni katika ndoo yenye maji ya kidimbwi chao, na mwatie katika maji mapya polepole, wasishtuke kwa badiliko la joto. Wapeni pumba laini zilizochekechwa, mara mbili kwa siku, kadiri wanavyoweza kumaliza. Chakula kinachobaki huoza na kuharibu maji. Waliosema «mtoto umleavyo ndivyo akuavyo» walisema kweli hata kwa samaki: aliyedumaa utotoni kwa njaa na msongamano huchelewa kukua.

Wakifikia urefu wa kidole, chagueni walio wazima, muwatie katika kidimbwi kikubwa, samaki wawili kwa kila mita moja ya mraba. Wanaozidi hapo, wapeni jirani anayeanza kazi, au wakaangeni. Baada ya miezi sita hivi, toeni maji yote na kuvua wote. Anayevua wakubwa peke yao na kuwaacha wadogo, mwaka baada ya mwaka, anajitengenezea kidimbwi cha samaki waliodumaa.

Wenye subira wanaweza kwenda mbele zaidi. Dume hukua upesi kuliko jike. Samaki akifika gramu 30 hivi, mgeuzeni tumbo juu na kumtazama karibu na mkia: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Madume wakifugwa peke yao hawazai, na chakula chote huwa nyama.

Mimea ya kutunza na mimea ya kuogopa

Sasa tuseme juu ya mimea. Mmea ulio bora kidimbwini ni ule usioonekana kwa macho: vijani vidogo mno vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Ndivyo chakula cha kwanza cha tilapia. Ili vizae, tengenezeni zizi la miti katika pembe moja ya kidimbwi, mkatie humo majani makavu na samadi ya mbuzi au ya kuku. Kisha pimeni: tumbukizeni mkono mpaka kiwiko. Kiganja kisipoonekana tena, maji ni mazuri. Kikionekana wazi, ongezeni samadi. Kikipotea mkono ukiwa haujafika mbali, acheni kutia kwa siku kadhaa.

Angalieni jambo hili. Mchana mimea hutoa hewa ambayo samaki huivuta, lakini usiku nayo huivuta. Maji yakiwa na mimea mingi kupita kiasi, alfajiri samaki hupanda juu wakihema. Mkiwaona hivyo, fungulieni maji mapya na msitie samadi.

Juu ya kuta pandeni majani mafupi yanayoshika udongo; msipande miti, kwa kuwa mizizi yake hupasua kuta. Upande wa nje wafaa matembele, na bondeni chini yake lengalenga, ambazo hunyweshwa maji ya kidimbwi yenye rutuba. Majani ya sombe na ya matembele hupendwa sana na tilapia mla majani, ambaye ni mwenyeji wa Katanga.

Lakini ukataeni mmea mmoja, hata kama maua yake ni mazuri: gugu maji lenye maua ya zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1952 lilionekana katika mto Kongo, na kwa miaka michache likasambaa mbali na kuzuia vyombo. Baadaye likaja kusumbua Ziwa Viktoria pia. Katika kidimbwi hufunika maji, huzuia mwanga, na vile vijani vidogo hufa. Maji yakifurika, kipande kimoja chatosha kuanza taabu mtoni.

Tena ng'oeni majani yanayoota majini ukingoni. Ndimo wanamokaa konokono wanaoeneza kichocho, na ndimo mabuu ya mbu wa malaria yanapojificha samaki wasiyafikie. Watoto wasiogelee kidimbwini.

Basi, baba na mama wa nyumba, kidimbwi hakiombi mali nyingi. Kinaomba jicho la kila siku. Mwanafunzi mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kuyatazama maji alfajiri kabla ya kwenda shuleni, na kuandika katika daftari siku ya kutia samaki, idadi yao, na siku ya kuvua. Daftari hilo litawaonyesha mapema kama samaki wanakua, au kama wanaongezeka tu.