Herufi Moja kwa Mwezi: Zoezi la Kujaribu Mapya

Neno letu "uzoefu" limetokana na kitenzi "kuzoea". Mwenye uzoefu ni yule aliyefanya jambo mara nyingi hata mikono yake inalijua bila kuuliza. Lakini Kiswahili kina neno jingine lenye maana ya karibu sana, nalo ni "tajiriba". Hilo tumelipata kutoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa "kujaribu" na "jaribio". Watu wengi huyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni neno moja, ila asili zake zinatazama pande mbili. Moja linaangalia yale tuliyokwisha kuyazoea. La pili linaangalia yale tunayothubutu kuyajaribu.

Kadiri umri unavyosonga, la kwanza humeza la pili. Mwalimu anapita njia ileile kwenda darasani. Mama anapika mboga zilezile kwa zamu ileile. Padre anazunguka vigango vilevile kwa ratiba ileile. Hakuna ubaya katika hayo, kwani kazi nyingi njema zinafanywa na watu waliozoea. Hata hivyo wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu mojawapo ni kwamba mtu aliyeacha kujaribu husahau hali ya kutojua. Na aliyeisahau hali hiyo huwa mgumu kwa mwanafunzi anayechelewa kuelewa, kwa mgeni asiyejua utaratibu, na kwa mzee anayeuliza swali lilelile mara tatu.

Makala hii inaeleza zoezi moja dogo linaloweza kutusaidia tusifike huko.

Zoezi lenyewe

Kila mwezi unachukua herufi moja ya alfabeti kwa mpangilio wake. Ndani ya mwezi huo unachagua jambo moja ambalo hujawahi kulifanya, ambalo jina lake linaanza na herufi hiyo. Unalifanya, kisha unaandika mistari michache kwenye daftari: nilifanya nini, nilikuwa na nani, nilijifunza nini. Mwezi unaofuata unakwenda herufi inayofuata.

Katika nchi zinazozungumza Kiingereza wako wanandoa wanaopanga matembezi yao kwa njia hii, wakianzia A hadi Z. Kwetu sisi hesabu inakaa vizuri zaidi. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26. Kiswahili hakina Q wala X, na C haisimami peke yake bali huambatana na H kupata CH. Zinabaki 24, yaani miezi 24, yaani miaka miwili kamili.

Kiswahili pia kinadai kanuni mbili ndogo. Ya kwanza ni kwamba vitenzi tuvihesabu kwa mzizi. Tukihesabu "kupika", "kusuka" na "kuogelea" kwa herufi K, basi K itabeba dunia nzima. Kupika kuwe P, kusuka kuwe S, kuogelea kuwe O. Ya pili inahusu majina: tutumie umoja au wingi, lakini tusirudie jambo lilelile. Aliyechagua "kiti" katika mwezi wa K asije akachagua "viti" katika mwezi wa V.

Herufi kama E na O zina maneno machache. Hapo fungua kamusi, kwa mfano Kamusi ya Kiswahili Sanifu, usome kurasa zote za herufi hiyo. Huko kusoma peke yake tayari ni jambo jipya kwa wengi wetu.

Kwa nini herufi?

Mtu anaweza kuuliza: kama nataka kujaribu mapya, kwa nini nisijaribu tu ninachopenda? Ziko sababu tatu.

Kwanza, herufi inapunguza uzito wa kuchagua. Ukimwambia mtu "fanya jambo lolote jipya", atafikiri wiki tatu na hatafanya lolote. Ukimwambia "fanya jambo linaloanza na B", ataanza kutaja mara moja: bao, bustani, boti, barua. Mlango ukiwa mwembamba, mtu huona mahali pa kupita.

Pili, herufi haijui unachopenda. Tukijichagulia wenyewe, tunachagua mapya yanayofanana na ya zamani: mpenda mpira anakwenda uwanja mwingine, mpenda vitabu ananunua kitabu kingine. Herufi inamwambia mpenda mpira kwamba mwezi huu ni CH, na pengine kilicho karibu naye ni cherehani ya dada yake. Inampeleka asikokwenda, kwa watu ambao hakuwa na sababu ya kukutana nao.

Tatu, alfabeti ina mwisho. Nia nyingi njema za mwezi Januari hufa kwa sababu hazina mwisho unaoonekana. Hapa unajua uko wapi na umebakiza ngapi.

Wazo la kutumia alfabeti ili kuzunguka jambo zima si geni kwa msomaji wa Biblia. Zaburi ya 119 ina aya 176, yaani herufi 22 za Kiebrania, kila moja ikipewa aya 8 zinazoanza nayo. Shairi la mke mwema katika Mithali 31, kuanzia aya ya 10, lina aya 22 zinazofuata alfabeti. Kitabu cha Maombolezo kinafanya vivyo hivyo katika sura zake nne za kwanza, na katika sura ya tatu kila herufi inapata aya tatu. Sura ya tano nayo ina aya 22, ingawa haifuati tena mpangilio wa herufi. Waandishi hao walikuwa na jambo kubwa mno la kusema, iwe sheria ya Mungu, sifa za mwanamke au maafa ya Yerusalemu, na alfabeti iliwasaidia kulisema tangu mwanzo hadi mwisho bila kupotea.

Jambo jipya linatufanyia nini?

Mwaka 1890 mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alieleza jambo ambalo kila mzee analijua: miaka huonekana mifupi kadiri tunavyozeeka. Alionyesha kwamba wakati uliojaa mambo mengi na tofauti hupita haraka tukiwa ndani yake, lakini tukiutazama nyuma unaonekana mrefu. Wakati mtupu hufanya kinyume: unakawia kupita, kisha katika kumbukumbu unabaki mfupi. Siku zinazofanana hazimpi mtu pa kushika anapokumbuka. Ndiyo maana unaweza kukumbuka wiki yako ya kwanza shuleni saa kwa saa, na usikumbuke chochote cha mwezi uliopita.

Utafiti wa karibuni zaidi unaongeza jambo la pili. Mwaka 2014 Denise Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya watu zaidi ya 200 wenye umri wa miaka 60 hadi 90. Baadhi yao walijifunza ustadi mpya, upigaji picha wa kidijitali au ushonaji wa mablanketi ya viraka, kwa saa 15 hivi kila wiki katika muda wa miezi 3. Wengine walikutana tu kuongea na kutembea pamoja, au walifanya nyumbani shughuli nyepesi zisizodai kujifunza. Waliojifunza ustadi mpya ndio walioonyesha kuimarika kwa kumbukumbu.

Tuwe waangalifu na somo hilo. Saa 15 kwa wiki ni nyingi, na zoezi letu halifikii hapo. Lakini linatuelekeza kuchagua jambo linalodai juhudi. Kula pipi ya rangi mpya ni kitu kipya, ila hakikufundishi chochote. Kujifunza kuishona suruali iliyochanika kunakurudisha kwenye dawati la mwanafunzi.

Mifano ya herufi chache

A ni asali. Mtafute mfugaji nyuki, umwombe uwepo siku ya kurina. Utajifunza kwa nini moshi hutumika, na kwa nini anaacha sehemu ya masega kwa ajili ya nyuki wenyewe.

B ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wengi tumewaona wazee wakilicheza chini ya mti bila kujua kinachoendelea. Mwombe mzee mmoja akufundishe hatua ya kunamua na ile ya mtaji. Atakushinda mara nyingi, na mtakuwa mmezungumza.

D ni damu. Kwa utaratibu wa Tanzania, mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Kwa anayeogopa sindano, huu utakuwa mwezi mgumu, na pengine ndio utakaomfaa mtu mwingine kuliko yote.

L ni lugha ya alama. Wengi hudhani iko moja duniani. Sivyo: ile ya Tanzania si ile ya Kenya. Katika mwezi mmoja hutaijua, lakini unaweza kujifunza kusalimia, kutaja jina lako kwa vidole na kuuliza hali. Pengine yuko kiziwi anayekaa benchi moja nawe kila Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsalimia kwa lugha yake.

N ni nyota. Jifunze kutambua Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililopewa jina kutokana na kulima, kwa kuwa wakulima waliliangalia kujua majira. Halihitaji fedha, linahitaji usiku usio na mawingu na mtu wa kukuonyesha.

O ni kuonja. Mwombe jirani wa kabila lingine akupikie chakula cha kwao, nawe ukae jikoni uone kinavyopikwa.

T ni tenzi. Andika beti tano kwa kanuni ya kawaida: mishororo minne, mizani nane kila mmoja, vina vya mishororo mitatu ya kwanza vifanane, na cha mwisho kirudi vilevile katika kila ubeti. Utaanza kuwaheshimu washairi kwa namna mpya.

W ni wosia. Huu ni mwezi ambao watu wengi wangependa kuuruka. Tumezoea kuona kuandika wosia kama kujiitia kifo, na matokeo yake tunayaona misibani: ndugu wanagombana kabla ya arobaini kwisha. Nchini Tanzania wakala wa serikali, RITA, husaidia kuandika wosia na kuuhifadhi. Aliyefika W akaandika wake amewapunguzia mzigo mkubwa wale atakaowaacha.

Mambo ya kuangalia

Usitumie fedha usizo nazo. Orodha iliyo hapo juu karibu yote haigharimu zaidi ya nauli.

Usifanye peke yako yote. Angalau nusu ya herufi ziwe na mtu mwingine ndani yake: mwalimu, jirani, mtoto, mgonjwa. Jambo jipya unalofanya peke yako linakupa ustadi. Ukilifanya pamoja na mtu mwingine, unampata na mtu.

Ukikosa mwezi, usirundike. Mwezi wa mazishi au wa mitihani uache upite, kisha uendelee na herufi ileile mwezi unaofuata.

Na tukumbuke kwamba mzizi uliotupa "jaribio" ndio uliotupa pia "majaribu". Si kila kipya ni chema. Herufi inapendekeza, dhamiri inaamua. Jambo linaloumiza mwili, linalovunja ahadi yako au linalomdhalilisha mwingine halipati ruhusa kwa kuwa linaanza na herufi ya mwezi.

Tusingoje

Mwandishi wa Marekani, Sue Grafton, alitoa mwaka 1982 riwaya ya upelelezi yenye herufi A katika jina lake, akakusudia kufika Z. Alifika Y mwaka 2017, na mwezi Desemba mwaka huohuo akafariki dunia. Familia yake ilisema kwamba kwao alfabeti inaishia Y. Wasomaji wake hawakupata Z, lakini walibaki na vitabu 25.

Miezi 24 si mingi, na hakuna aliyeahidiwa kuimaliza yote. Tafuta daftari, andika herufi zote 24 ukiacha nafasi chini ya kila moja, kisha jaza A leo. Kama huna mfugaji nyuki karibu, andika anwani ya ndugu mliyepoteana, uitafute kabla mwezi haujaisha.