Njaa Inakuuma, Haijakutawala

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa mtu aliyetoka kwenye semina ya kujitambua. Je, ni kweli kwamba Kiswahili kinatufundisha unyonge, kwa kuwa tunasema "njaa inaniuma," "hofu imenishika," "usingizi umenilemea," kana kwamba hisia ndizo mabwana na sisi ni watumishi wao? Mzungu, akaongeza, husema yeye ndiye anayependa na yeye ndiye anayeogopa, na ndiyo maana amefika mwezini. Msemaji wa semina alikuwa na dawa mfukoni: usiseme tena "hasira zimenipanda," sema "nimechagua kukasirika," nawe utaona maisha yako yanavyobadilika. Swali hili nimekuwa nikilijibu kwa upole. Leo upole umeniishia.

Tuanze na Kiswahili chenyewe, ambacho wasemaji hawa hukishtaki bila kukisikiliza. Mtu yuleyule aliyesema "njaa inaniuma" atasema, kabla chai haijapoa, "nina njaa," au "nasikia njaa," au "naona njaa." Katika sentensi hizo tatu yeye ndiye kiima, na njaa ni ileile. Akiingia dukani atalishika gauni aseme "nimelipenda," na mwenzake akiuliza mbona analing'ang'ania atajibu "limenipendeza." Je, alikuwa bwana katika jibu la kwanza na mtumwa katika la pili? Bei aliyolipa ni moja.

Sogea kidogo kwa majirani. Mganda husema "enjala ennuma," muundo uleule wa njaa inaniuma, njaa ikiwa kiima. Mkikuyu husema "ndĩ mũhũtu," naye mwenye njaa ndiye kiima. Lugha zote mbili ni za Kibantu. Kwa hesabu ya semina, ingebidi tuseme Waganda ni watu wasiojiweza mbele ya matumbo yao na Wakikuyu wameyashinda. Atakayelisema hilo Kampala aniambie mapema, nami nitakaa mbali.

Halafu, huyo Mzungu ni yupi? Mjerumani akipendezwa na nyumba husema "mir gefällt das Haus," yaani nyumba ndiyo kiima na yeye anatajwa kama mpokeaji. Akihisi baridi husema "mir ist kalt," na hapo hana ukiima wowote. Hao ndio waliotawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza, na sijasikia mzee yeyote akisimulia kwamba waliitawala kwa unyonge. Mhispania husema "me gustan los mangos": kitenzi kiko katika wingi kwa sababu kinapatana na maembe, si na mlaji. Tena kitenzi hicho, gustar, zamani kilikuwa na maana ya kuonja, na mwonjaji ndiye aliyekuwa kiima. Kilihamia kwenye muundo wa sasa katika karne zilezile ambazo Uhispania ilikuwa ikitawala sehemu kubwa ya Amerika. Kama ukiima ungekuwa kipimo cha mamlaka, sarufi yao ingepaswa kwenda upande wa pili.

Kiingereza, ambacho ndicho semina hukisifu, kina kisa kizuri zaidi. Katika Kiingereza cha kale, kitenzi kilichozaa like kilikuwa na maana ya kupendeza, na anayependezwa hakuwa kiima. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alitunga sentensi moja ya kuonyesha kilichotokea: "þam cynge licodon peran," mfalme yalimpendeza mapeasi. Itazame kwa karibu. Mfalme ametangulia, lakini maneno "þam cynge" yana miisho inayomtangaza kuwa ni mpokeaji. Kitenzi "licodon" kiko katika wingi kwa sababu kinayafuata mapeasi. Sasa ng'oa miisho hiyo, kama ilivyong'oka polepole katika Kiingereza cha zama za kati. Kinachobaki ni mfalme, kitenzi na mapeasi, bila alama ya kuonyesha nani ni nani. Msikilizaji, ambaye katika sentensi nyingine zote amezoea kwamba anayetangulia kitenzi ni kiima, akamfanya mfalme kiima. Mpangilio wa maneno haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni namna ulivyosomwa. Hakuna Mwingereza aliyeamka asubuhi akiwa na nia thabiti kuliko baba yake. Walipoteza viambishi, basi.

Nitende haki: wazo hili si la majukwaani tu. Anna Wierzbicka, mwanaisimu mwenye jina kubwa, mwaka 1992 alitoa hoja kwamba wingi wa sentensi za namna hii katika Kirusi unaakisi mtazamo wa Warusi kuwa hisia ni vitu vinavyomjia mtu asivyoweza kuvidhibiti. Hoja yake ina uzito, kwa sababu alikuwa akipima tofauti halisi za maana. Mrusi akisema "ja hochu" anataka, na akisema "mne hochetsja" hamu imemjia tu. Lakini kueleza tofauti ya sentensi mbili ni kazi moja, na kutoa hukumu juu ya tabia ya taifa zima ni kazi nyingine. Muundo huohuo uko Iceland, uko Georgia, uko India kaskazini na kusini. Anayetaka kuueleza kwa utamaduni wa watu mmoja atuambie Warusi, Waiceland na Watamil wanashiriki utamaduni gani ambao Waingereza hawana.

Maelezo yenyewe ni ya kawaida zaidi, na kwangu yanavutia zaidi. Kitenzi kama "kata" hakina utata: yuko mwenye kisu na uko mkate. Vitenzi vya hisia havina mwenye kisu. Mtoto akiona mbwa akaogopa, nani ametenda? Mtoto ana akili na ndiye anayehisi, jambo linalomfaa kiima. Mbwa ndiye chanzo cha hofu, jambo ambalo nalo linamfaa kiima. David Dowty alieleza mvutano huu mwaka 1991: washiriki wote wawili wana sifa za mtenda, na hakuna aliye nazo zote. Matokeo yake lugha hutengeneza vitenzi jozi: mtoto anamwogopa mbwa, mbwa anamtisha mtoto. Chukia na chukiza, shangaa na shangaza, penda na pendeza. Kiitaliano, kwa uchambuzi wa Adriana Belletti na Luigi Rizzi wa mwaka 1988, kina makundi matatu: anayehisi ni kiima, anayehisi ni yambwa, na anayehisi anatajwa kama mpokeaji. Ukichungulia Kiswahili utakuta kazi hizo zote zinafanyika.

Hapo ndipo mpangilio wa maneno unapoingia. Kwa kawaida wanadamu huzungumza habari za wanadamu, na sentensi hupenda kuanza na yule inayemhusu. Kitenzi cha hisia kinapoipa njaa au kichwa ukiima, mtu hubaki bila cheo, lakini hakubali kubaki nyuma. Sikiliza: "Wale watoto njaa inawauma." Kiambishi i- ni cha njaa, kwa hiyo kiima ni njaa. Kiambishi -wa- ni cha watoto, kwa hiyo watoto ni yambwa. Hata hivyo watoto ndio waliotangulia, kwa kuwa habari ni yao. Mgujarati mwenye duka Mombasa hufanya vivyo hivyo kwa lugha ya nyumbani: "mane bhukh lagi chhe," kwangu njaa imeshika, na "kwangu" ndiyo ya kwanza. Kiarabu sanifu humgandisha mtu kwenye kitenzi, "yu'jibuni al-kitabu," na bado mtu anakitangulia kitabu ambacho ndicho kiima.

Kiswahili kina njia ya pili, nayo ni kauli ya kutendwa. Kushikwa na hofu, kupandwa na hasira, kupatwa na wasiwasi, kujawa na furaha, kuzidiwa na usingizi, kuumwa na kichwa: yote hayo humpa mtu nafasi ya mbele na ukiima pia. Wenzetu wa semina wakiona "nimeshikwa" hulia kwamba huo ni utumwa mtupu. Ni kinyume chake: ni sarufi inayompandisha cheo anayehisi. Na Waingereza hufanya hivyohivyo wakipata nafasi. Mwaka 1994 mtafiti Fernanda Ferreira aliwapa wasemaji wa Kiingereza vitenzi na nomino wavitungie sentensi. Vitenzi vilipokuwa vya aina ya tisha na shangaza, kauli ya kutendwa iliongezeka, hasa pale mwenye kuhisi alipokuwa kiumbe hai na chanzo ni kitu kisicho na uhai.

Vitenzi vya milango ya fahamu hufuata njia hiyohiyo kwa hatua tatu. Ukitazama au kusikiliza unatenda kwa kukusudia. Ukiona au kusikia umepata tu, na unaweza kusikia hata harufu na baridi. Kikionekana au kikisikika, kitu ndicho kiima, nawe unaweza usitajwe kabisa. Kihindi hutenganisha hapohapo: "maine dekha," nimeona, lakini "mujhe dikhai diya," kwangu kimeonekana. Mtu ametangulia zote mbili.

Kwa wanaotaka kitu cha kufanyia kazi, haraka haraka. Mwalimu, acha kusahihisha "Mama kichwa kinamuuma" iwe "Kichwa cha mama kinamuuma"; zote ni Kiswahili, ila ya kwanza ni habari ya mama na ya pili ni habari ya kichwa. Mwanafunzi wa isimu, usimtangaze kiima kwa kutazama neno la kwanza. Tafuta kipatanishi kwenye kitenzi. Mfasiri, jiulize kwanza nani anazungumziwa, kisha chagua: mtangulize, tumia kauli ya kutendwa, au badili kitenzi uchukue pacha wake. Anayejifunza Kihispania, sahau "napenda," fikiria "yananipendeza," na kitenzi kifuate maembe. Anayejifunza Kijerumani au Kihindi, kariri kitenzi pamoja na mir au mujhe yake. Mgeni anayejifunza Kiswahili, jifunze ogopa na tisha siku moja. Na wewe uliyelipia semina, dai kiingilio chako. Kama hasira zinakusumbua kweli, kamwone mshauri nasaha, maana kubadili kiima si tiba.