Alihukumiwa kifo, akalia, akasamehewa, akaenda kuuza bia Marekani

Ukitaja Waingereza wa kwanza waliohamia Marekani, wengi wetu tunapata picha moja tu kichwani: wazee wa kanisa wenye kofia nyeusi, Biblia kwapani, nyuso zimekunjamana kama wamelamba ndimu. Hao walikuwepo, sikatai. Lakini msomaji wangu, wiki hii nakuletea jamaa aliyepanda nao meli moja, ambaye angekuwa mtaani kwetu tungeshampa jina la utani zamani. Anaitwa Stephen Hopkins. Mdomo wake ulimpeleka kwenye hukumu ya kifo, machozi yakamtoa. Akaja kuwa mkubwa serikalini, na baadaye mwenye kilabu cha pombe asiyekauka mahakamani.

Kwa miaka mingi watu walikuwa wakibishana kama habari zote hizo ni za mtu mmoja. Maana kulikuwa na Stephen Hopkins aliyevunjikiwa na meli kisiwani Bermuda mwaka 1609, na kulikuwa na Stephen Hopkins aliyeshuka kwenye meli ya Mayflower mwaka 1620. Je, ni yule yule au ni majina tu? Kuna waliosema huyu wa Mayflower anatoka Wotton-under-Edge, katika mkoa wa Gloucestershire, na ikawa inanakiliwa hivyo kitabu hadi kitabu.

Mwaka 1998 mtafiti mmoja wa Kimarekani, Caleb Johnson, akaja na ushahidi mwingine kabisa. Aliupata kwenye madaftari ya kanisa la kijiji cha Hursley, mkoani Hampshire, kusini mwa Uingereza. Humo wamebatizwa watoto watatu wa Stephen Hopkins: Elizabeth, Constance na Giles. Sasa kumbuka kwamba Hopkins wa Mayflower alisafiri na watoto wanaoitwa Constance na Giles. Hapo ndipo mambo yalipoanza kukaa sawa. Watafiti wengine wakaendelea kuchimba hadi wakafika kwenye ubatizo wake mwenyewe, mwaka 1581, kijiji cha Upper Clatford, mkoa huo huo.

Lakini kilichonigusa mimi si ubatizo. Ni mke. Aliitwa Mary, na amezikwa Hursley mwezi Mei 1613. Baada ya mazishi wakaja watu kuandika orodha ya mali zake, kama ilivyokuwa desturi, na kwenye karatasi ile wakamwita mjane. Mjane! Mumewe alikuwa hai ng'ambo ya bahari, na nyumbani wanaandika kwamba mama huyu hana mume. Mali ile na watoto watatu vikawekwa chini ya uangalizi wa wakubwa wa kijiji.

Jamaa alikuwa wapi? Hapo ndipo penye kasheshe.

KISIWA CHA NGURUWE

Juni 1609 msafara wa vyombo 9 uliondoka Uingereza kwenda Virginia, ambako kampuni ya wafanyabiashara wa London ilikuwa na makazi yake, Jamestown. Hopkins alikuwa kwenye meli kubwa kuliko zote, Sea Venture, yenye watu kama 150. Kazi yake ilikuwa karani wa mchungaji Richard Buck: Jumapili yeye ndiye msomaji wa zaburi. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu wa kanisani anayejua kusoma na anayejua kuongea, na watu wa namna hiyo nyote mnawajua.

Mwishoni mwa Julai kimbunga kikaikamata ile meli. Ikavuja kila mahali. Watu wakachota maji usiku na mchana, mabwana kwa watumishi, hadi tarehe 28 Julai meli ikanasa kwenye miamba ya Bermuda. Ajabu ni kwamba hakufa hata mmoja. Na ajabu ya pili: kisiwa hakikuwa na watu, ila kilikuwa na nguruwe pori, samaki, kasa na ndege wa kuokota kwa mikono. Yaani mtu umetoroka kifo, unaamka asubuhi, kitoweo kinakuangalia.

Gavana wao, Sir Thomas Gates, hakutaka kusikia habari za kuishi pale. Akaamuru zijengwe meli mbili ndogo ili safari iendelee. Ndipo karani wa zaburi akaanza kunong'ona. Hoja yake, ukiitazama, haikuwa ya kijinga. Alisema hivi: amri ya gavana ilihusu safari ya Virginia, meli imevunjika, safari imekwisha, kwa hiyo amri nayo imekwisha. Kila mtu sasa ni huru kujiamulia. Hapa kisiwani chakula tele, huko Virginia tutakosa chakula na tutatumikishwa maisha.

Makosa yake ni kuwaambia watu wasiofaa. Samuel Sharpe na Humfrey Reede wakaenda moja kwa moja kwa gavana. Januari 1610 kengele ikagongwa, kambi nzima ikakusanyika, Hopkins akaletwa na pingu mikononi. Kosa: uasi. Hukumu: kifo.

Tunazijua habari hizi kwa sababu mmoja wa waliokuwepo, William Strachey, aliandika barua ndefu kuhusu balaa lote lile. Anasema Hopkins alilia na kujuta sana, akawa anataja maangamizi yatakayompata mkewe na watoto wake, mpaka wakubwa wenyewe wakaingiwa na huruma. Nahodha Newport, Strachey na wengine wakamwendea gavana na hawakumwacha mpaka akatoa msamaha. Na haikuwa kwamba Gates alikuwa mtu wa mchezo: miezi michache baadaye mwasi mwingine, Henry Paine, alipigwa risasi.

Kwa hiyo Mary wa Hursley, bila yeye mwenyewe kujua, alimwokoa mumewe kwa kutajwa jina tu. Miaka 3 baadaye akafa akiitwa mjane.

Barua ya Strachey, wataalamu wengi wanaamini Shakespeare aliisoma kabla ya kuandika mchezo wake wa The Tempest, wenye habari za meli iliyovunjika kisiwani. Mle ndani yumo mlevi mmoja, Stephano, anayetaka kujifanya mfalme wa kisiwa. Wapo wanaosema huyo ni Hopkins aliyebadilishwa kidogo. Mimi siapi, lakini ukiwaweka pamoja utacheka.

MARA YA PILI BAHARINI

Mei 1610 zile meli mbili zilifika Jamestown. Hopkins hakuwa amekosea kuhusu chakula: kati ya mamia ya Waingereza walioingia majira ya baridi ya mwaka ule, waliokutwa hai walikuwa kama 60, mifupa mitupu. Baadaye jamaa akarudi Uingereza, akawachukua watoto wake, na Februari 1618 akaoa tena London, mke anaitwa Elizabeth Fisher.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo angetulia, auze hata mishumaa huko London. Wapi! Septemba 1620 yumo ndani ya Mayflower na familia nzima: mke mjamzito, Constance, Giles, mtoto mdogo Damaris, na vijana wawili wa kazi wanaoitwa wote Edward, Doty na Leister. Katikati ya bahari mke akajifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Oceanus. Jina gani tena mngempa?

Sasa sikiliza. Meli ile ilikuwa na kibali cha kukaa eneo la Virginia, lakini ikajikuta kaskazini zaidi, Cape Cod, nje ya kibali. Baadhi ya abiria wakaanza kusema kwamba wakishuka nchi kavu kila mtu atafanya apendalo, hakuna mwenye mamlaka juu yao. Unaikumbuka hoja hiyo? Ni ile ile ya Bermuda! Gavana Bradford, aliyeandika habari hizo, hakutaja majina, na mimi simsingizii mtu. Ila najua kwamba dawa waliyoitafuta ilikuwa mkataba mfupi wa kutii sheria watakazojiwekea, uliotiwa sahihi tarehe 11 Novemba 1620 na wanaume 41, na Stephen Hopkins yumo. Safari hii alikuwa ameshajifunza bei ya kubisha.

Na kule nchi kavu akawa lulu, maana aliwahi kukanyaga Amerika kabla yao. Bradford aliponaswa mguu kwenye kitanzi kilichofungwa mtini, Hopkins ndiye aliyewaeleza kwamba ni mtego wa wenyeji wa kukamatia kulungu. Machi 1621, mwenyeji aitwaye Samoset alipotembea hadi katikati ya kijiji akiwaamkia kwa Kiingereza, walimlaza nyumbani kwa Hopkins. Julai wakamtuma yeye na Edward Winslow kwa mfalme Massasoit, na koti jekundu la zawadi. Mfalme akawakirimu kwa kuwapa nafasi kitandani kwake: yeye na mkewe upande mmoja, wageni upande wa pili, juu ya mbao na mkeka mwembamba, halafu wakajibana wakubwa wengine wawili. Ndani chawa, nje mbu. Wakarudi hoi, wamechoka na malazi kuliko na safari.

Majira ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu ya abiria wa Mayflower. Nyumba ya Hopkins haikutoa jeneza. Juni 1621 wale Edward wawili wakapigana kwa upanga na jambia, mmoja akaumia mkono, mwingine paja. Wakahukumiwa kufungwa kichwa na miguu pamoja saa 24. Walipoanza kulia kwa maumivu, bwana wao akawaombea, wakafunguliwa kabla ya saa moja kwisha. Moyo wa huruma bado alikuwa nao, basi.

KILABU CHA MZEE HOPKINS

Miaka ikapita, akawa mmoja wa wasaidizi wa gavana. Na akiwa na cheo hicho hicho, mwaka 1636, akampiga mtu aitwaye John Tisdale hadi kumjeruhi vibaya. Mahakama ikamtoza paundi 5, na ikamkumbusha kwamba yeye ndiye alipaswa kulinda amani kuliko wengine.

Baada ya hapo mashtaka yakawa kama mvua za masika. Mwaka 1637 ni kuruhusu watu wanywe nyumbani kwake Jumapili kabla ibada haijaisha. Mwaka 1638 ni kuuza bia kwa peni 2 ambayo haikustahili hata peni 1. Mwaka 1639 ni kuuza kioo cha kujitazamia kwa peni 16 wakati pale jirani, kwenye koloni la Massachusetts Bay, kinapatikana kwa peni 9. Msomaji wa zaburi kawa mlanguzi! Mpaka hapo nilikuwa nacheka naye.

Nikaacha kucheka nilipofika kwa Dorothy Temple.

Huyu alikuwa msichana wa kazi nyumbani kwake, kwa mkataba wa miaka. Mwaka 1638 akapata mimba ya kijana Arthur Peach. Peach na wenzake watatu wakamvizia mwenyeji mmoja njiani, Penowanyanquis, aliyebeba nguo na shanga za biashara, wakamchoma upanga na kumpora. Akafa, lakini baada ya kuwataja. Septemba 1638 Peach na wawili wakanyongwa. Wa nne alitoroka. Dorothy akabaki na mimba, baba wa mtoto kaburini.

Hopkins akamtimua. Mahakama ikasema hapana: mkataba wake bado una miaka 2, mtunze yeye na mtoto. Akakataa. Wakamweka ndani kwa kuidharau mahakama, akae huko mpaka amchukue au amtafutie pa kukaa kwa gharama zake. Mzee akakaa lupango. Siku 4. Kisha akampata John Holmes, akamlipa paundi 3 amchukue Dorothy na mwanawe, akatoka.

Paundi 3, ndugu zangu. Mtu ambaye aliachiwa roho yake kwa sababu alisema nina mke na watoto. Unaweza kusema zama zile zilikuwa hivyo, msichana mwenye mtoto nje ya ndoa hakuwa na mtetezi. Lakini mahakama ya zama hizo hizo ilimwambia amtunze, na yeye ndiye aliyegoma. Mwaka 1639 Dorothy akahukumiwa kuchapwa viboko mara mbili kwa ajili ya mtoto yule. Alizimia kwenye ile ya kwanza, ya pili wakaiacha.

Hopkins aliandika wosia Juni 1644, na haukupita muda akafa. Aliomba azikwe karibu na marehemu mkewe, Elizabeth. Giles akaachiwa fahali mkubwa, Constance farasi jike, na mabinti waliobaki wakagawiwa ng'ombe kwa majina yao. Hadi ng'ombe Motley akakatwa nusu kwa nusu, kwenye karatasi tu, kati ya Deborah na Damaris. Nyumba na ardhi akapewa Caleb, mtoto wa kiume wa mke wa pili. Caleb hakukaa kuilima. Akawa baharia, akafia Barbados.