Kigeuzi cha Faiba na Shaba: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Katika nyumba na maduka yaliyounganishwa na intaneti ya faiba, huwapo kisanduku kidogo ukutani. Upande mmoja huingia kebo nyembamba ya faiba. Upande wa pili hutoka kebo ya shaba iendayo kwenye ruta au kompyuta. Kisanduku hicho ni kigeuzi. Mtumiaji asiyekifahamu huweza kununua kifaa kisichomfaa, au kulipia kasi asiyoipata.

Kazi yake

Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha taarifa kwa mimweko ya mwanga, ilhali kebo ya shaba huzipitisha kwa umeme. Kigeuzi husimama kati yake kama mkalimani. Faiba huhitajika kwa sababu kebo ya shaba ya mtandao ina kikomo cha mita 100, lakini faiba hufikisha taarifa umbali wa kilomita nyingi.

Kigeuzi hakiongezi kasi, bali chaweza kuipunguza. Ukilipia megabiti 200 kwa sekunde huku tundu la kigeuzi likiwa la megabiti 100, hutapata zaidi ya 100.

Umbo lisikudanganye

Kebo kuingia tunduni si uthibitisho kwamba vifaa vinaoana. Faiba ya masafa marefu ina kiini cha mikromita 9 hivi, na ya masafa mafupi kiini cha mikromita 50 au 62.5. Kigeuzi cha aina moja hakifai kwa nyingine. Vilevile, kichwa cha kijani hukatwa kwa mshazari na cha buluu hakikatwi hivyo. Vikiunganishwa, mwanga mwingi hupotea.

Tofautisha pia vifaa viwili. Vigeuzi vya kawaida hutumika kwa jozi, kimoja kila mwisho wa kebo, kwa mfano kati ya duka na ghala. Kisanduku cha mtoa huduma, kwa upande wake, husajiliwa katika mfumo wake. Ukinunua chako mwenyewe, kwa kawaida hakitafanya kazi mpaka akisajili.

Kabla ya kulipa

1. Muulize mtoa huduma aina ya faiba, rangi ya kichwa na kasi ya kifurushi chako.
2. Hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye kigeuzi, ruta na kebo haipungui ile ya kifurushi.
3. Dai stakabadhi na dhamana ya maandishi.

Hitilafu na usalama

Taa nyekundu yenye maandishi LOS ikiwaka, maana yake ni kwamba mwanga haufiki kwenye kisanduku. Tatizo liko upande wa faiba. Kununua ruta mpya hakutalitatua. Chunguza kama kebo imekunjwa au imechomoka, kisha umjulishe mtoa huduma.

Usichungulie kamwe ndani ya kebo ya faiba wala tundu lake. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini waweza kuyadhuru.

Mtoa huduma asiposhughulikia malalamiko yako, yawasilishe kwa maandishi kwenye mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, ukiambatisha stakabadhi na tarehe za hitilafu. Kuuliza mapema ni bora kuliko kununua mara mbili.