Daftari yetu, ufunguo wa mwingine

Siku ile mama mjane alikuja Butembo kuuliza pesa za matanga, hatukuweza kumwambia kama bwana wake alikuwa amelipa michango yake yote. Mwenzetu alikuwa amekufa katika shimo upande wa Manguredjipa. Majina na michango ya mfuko wa kusaidiana viko katika kompyuta ya sindika. Tunafungua, programu ya mahesabu inasema: muda wa lisensi umekwisha, lipeni kwanza. Yule aliyetuuzia alikuwa ameshahama, simu yake haipiti. Faili tunaiona pale, jina lake tunalisoma, lakini haifunguki. Tulichangisha upya, mkono kwa mkono, na mama alipata kitu. Lakini aibu ilibaki.

Ndugu wachimbaji, ninyi wote mnajua motopompe. Kama inakufa usiku na maji yanapanda ndani ya shimo, fundi anafungua, anabadilisha kipande, kazi inaendelea. Sasa fikirini motopompe iliyochomelewa pande zote, ambayo muuzaji peke yake ana ruhusa ya kuifungua, na muuzaji yuko mbali. Nani angeishusha shimoni? Na sisi tuliweka jasho la watu ndani ya mashini ya namna hiyo.

Kuna programu za namna nyingine, zinaitwa programu huria. Maandishi yake ya ndani yako wazi: anayejua anaweza kuyasoma, kuyatengeneza na kumpa jirani, na lisensi yenyewe inamruhusu. Msichanganye na zile programu za kunakili tunazowekewa mjini kwa franka kidogo. Zile ni mali ya mwenyewe iliyoibwa, na mara nyingi zinakuja na virusi. Sisi wenyewe tulizitumia miaka mingi, hatuwezi kujifanya watakatifu.

Wengine walisema hii ni michezo ya wanafunzi. Hapana. Zone za afya za Beni na Butembo zinaingiza hesabu zao katika DHIS2, programu huria inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na wizara ya afya ya Congo ndiyo inayoitumia kwa inchi nzima. Wale vijana wa mashirika wanaopita nyumbani na simu, wanauliza mko watu wangapi na mnakula mara ngapi kwa siku, wengi wao wanajaza KoboToolbox, nayo ni huria. Na huko Dar es Salaam, tangu 2004, Chuo Kikuu kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na ya mahesabu kwa Kiswahili chetu. Miaka zaidi ya ishirini! Tulichelewa sisi.

Kilichotusukuma mwisho ni hiki. Kompyuta zetu ni za okazioni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na Windows 11 inazikataa mashini nyingi za zamani. Kununua mpya, kwa pesa gani? Mwanafunzi mmoja alikuja na ufunguo wa USB, akaweka Linux Mint na LibreOffice. Mashini iliyokuwa inachukua robo saa kuamka, sasa inaamka kabla chai haijapoa.

Lakini haikuwa sikukuu. Imprimante yetu ilikataa kazi wiki tatu. Sekretere wetu, aliyezoea vifungo vyake vya zamani, alinuna karibu mwezi mzima (alikuwa na haki, hakuna mtu aliyemuuliza kabla). Karatasi za Word tunazotumiwa na biro za leta, meza zake zinafika zimepinda, kwa hiyo sisi tunarudisha PDF. Na tusidanganyane juu ya neno bure: kijana tulimlipa, mafuta ya jenereta tulinunua, na siku za kujifunza ni siku za kazi.

Orodha ya michango tuliiandika upya kutoka katika vikaratasi vya malipo vilivyobaki kwa wanachama. Ilichukua miezi miwili. Sasa tunaihifadhi kwa muundo wa ODF, ambao ni kipimo cha ISO tangu 2006, kwa hiyo programu nyingine pia inaweza kuusoma. Kopi moja iko Butembo, nyingine kwa wajumbe wetu wa Beni, kwani hii barabara kila mtu anajua inavyoweza kufungwa kwa siku moja. Na daftari ya karatasi bado tunaiandika.

Kodi ya mgodi iliyorekebishwa 2018 inamtaka mchimbaji awe ndani ya koperative. Basi majina yetu yataingia katika kompyuta nyingi kuliko zamani. Wiki iliyopita koperative moja ilituita kusikiliza mtu anayeuza programu ya kuandikisha wanachama, malipo kila mwaka, kwa kila kompyuta. Ilikuwa nzuri kwa macho, yenye rangi na picha za wanachama. Tulimuuliza jambo moja tu: siku tukishindwa kulipa, majina na michango yetu tunaitoa namna gani? Akasema ataulizia kwa wakubwa wake. Hajarudi, na karatasi ya kutia saini iko bado mezani kwa presida.