Kabla hujanunua pikipiki ya umeme, uliza kwanza utachajia wapi

Leo naomba tuongee kuhusu vyombo vya umeme, maana kila siku kuna mtu anaingia dukani kwangu hapa Igombe na picha kwenye simu: "Kaka, ona hii pikipiki, haili mafuta kabisa!" Kweli haili mafuta. Ila inakula umeme, na huo umeme una mahali pake, una saa zake na una bei yake. Hapo ndo watu hawaulizi.

Kwangu mimi hii si stori ya kupiga soga. Vijana wa kijiwe cha boda hapa jirani wana kikundi, na wamenipa kazi ya kuwatunzia hesabu. Wanaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 unaogawanywa 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Wanataka pikipiki tano za umeme. Mkopo ule hauna riba, lakini unarudishwa. Pikipiki ikilala kwa kukosa chaji, rejesho halilali.

Basi nikakaa na daftari nikalinganisha njia za kuchaji moja moja.

Njia ya kwanza ni kuchomeka mwenyewe, nyumbani au dukani. Tuanze na Luku. Wengi wetu wenye maduka tuko T1, uniti moja ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1 inafika kama 356. Chukua pikipiki yenye betri ya uniti 3 hivi. Wakati wa kuchaji kuna umeme unapotea kwa joto, kwa hiyo piga uniti 3.4. Hiyo ni kama shilingi 1,200 kwa kilometa 70. Ya petroli inayokwenda kilometa 40 kwa lita inataka lita moja na robo tatu kwa safari hiyo hiyo. Weka lita kwa 3,000 ili hesabu iwe rahisi (bei halisi EWURA wanatangaza kila mwezi), unapata 5,250. Boda anayepiga kilometa 140 kwa siku anatumia 2,400 badala ya 10,500. Yaani elfu nane na mia inabaki mfukoni kila siku. Ukiishia hapo unanunua kesho asubuhi.

Usiishie hapo. Kuna mtu atasema, mimi niko D1, uniti kwangu ni shilingi 100. Sawa, lakini hiyo bei ni ya uniti 75 za kwanza kwa mwezi. Pikipiki moja ikichajiwa mara mbili kwa siku inakula karibu uniti 7. Siku ya kumi na moja umeshazimaliza, na zinazofuata ni 350 kabla ya kodi na tozo, ghali kuliko T1. Na ukizidisha hivyo unahamishwa D1, na familia yako yote inalipia taa na pasi kwa bei mpya.

Cha pili ni muda. Betri ya hivyo kwenye soketi ya ukutani inakaa kama saa nne. Usiku haina shida. Ila boda akiishiwa saa sita mchana pale Pasiansi, akae saa nne akiangalia wenzake wakibeba abiria? Hapo faida yote ya asubuhi imeondoka. Na ukichomeka tano kwa mpigo kwenye waya uliofungwa kwa ajili ya friji moja na taa mbili, muite fundi kwanza, usisubiri uanze kusikia harufu.

Njia ya pili ni kubadilisha betri. Hii ndo imeshika kwa majirani zetu. Kigali kampuni ya Ampersand ilianza kazi 2019: dereva anafika kituoni na betri iliyoisha, anaiacha, anapewa iliyojaa, dakika chache ameondoka. Betri si yake, ni ya kampuni. Nairobi kuna Spiro na wengine, Kampala kuna Zembo. Na Rwanda wameenda mbali zaidi, tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa kazi ya kubeba abiria.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ule mzigo mkubwa kuliko yote, yaani betri kuchoka, haukulali wewe. Betri ndiyo kitu cha bei kali kwenye chombo, na kila betri inachoka, hakuna dawa. Ubaya ni kwamba umefunga ndoa na kampuni. Betri ya huyu haiingii kwenye pikipiki ya yule. Mnakumbuka simu za zamani, huyu chaja ya pini nene, huyu pini nyembamba, ukienda msibani kijijini unazunguka nyumba kumi kutafuta inayofanana na yako? Ni vile vile, tofauti ni kwamba hapa kilichozima ni ofisi yako. Au kumbukeni pesa za simu kabla mitandao haijaungana, wa M-Pesa na wa Tigo Pesa ilikuwa kama nchi mbili. Kwenye betri bado tuko huko.

Kwa hiyo mtandao wa kubadilisha betri usiupime kwa uzuri wa pikipiki. Pima vituo vilivyoko kwenye njia yako wewe. Kutoka Igombe mpaka Kirumba ni kama kilometa 20. Kituo kikiwa mjini peke yake, kila ukiishiwa unabeba hewa kwenda kufuata betri. Vijana wangu wanabeba kreti za samaki kwenda mwaloni Kirumba, na mzigo unakula chaji kuliko abiria mmoja mwembamba. Kilometa 70 za muuzaji kwenye mzigo zinakuwa hadithi.

Katikati ya hizo mbili kuna mpango wa Roam wa Nairobi. Pikipiki yao betri inachomoka, unaibeba mkononi, unaichaji kwenye soketi ya kawaida, na wanavyo vituo vyao pia. Kwa sehemu ambazo vituo havijajaa, mimi mpango huu naupenda kuliko yote. Ukiwa na betri mbili, moja iko barabarani na nyingine iko ndani inachajiwa.

Magari niyapitie haraka, kwa sababu wachache hapa tutanunua. Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani ina tundu la chaji ya haraka la CHAdeMO, gari nyingi za China zina GB/T, za Ulaya CCS2. Unaweza kufika kituoni, umeme upo, na plagi ikakataa. Betri ya uniti 40 kwenye soketi ya nyumbani ni kama saa 17. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko imeisha, lakini kwenda Geita na kurudi kwa chaji moja na mzigo ndani, mimi simshauri mtu. Kenya wameweka bei maalumu ya umeme wa vyombo hivi tangu 2023, shilingi zao 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi yako chini. Ndo maana mabasi ya BasiGo yanachajiwa usiku. Sisi wa T1, mchana na usiku bei ni ile ile.

Sasa niwarudishe ziwani, maana hapa watu wanadhani tunaongea mambo mageni. Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hili hili, tangu 2008 kulijengwa vituo vya sola vya kuchaji taa za wavuvi wa omena, ambao sisi ni dagaa. Walioanza ni OSRAM, leo kazi hiyo inafanywa na kampuni ya WeTu. Mvuvi haachiwi kununua taa. Anaweka dhamana, jioni anachukua taa iliyojaa, asubuhi anairudisha na kulipia. Karabai na mafuta ya taa kwaheri. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo biashara ile ile ya betri ya Kigali, ilitangulia miaka kumi na zaidi, tena kwa wavuvi.

Na mwaloni kwetu nani hajui? Mimi dukani nachaji betri za wavuvi kila siku zisipokuwa za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka mtumbwi wa dagaa unakaa nchi kavu. Betri ya volti 12 ya Ah 70 inakula kama uniti moja. Kila betri ina jina la mwenyewe kwa rangi, kwa sababu mtu akipewa iliyochoka badala ya yake mpya, mnaamkia ofisi ya mtaa. Hilo swali waulizeni wauzaji wa pikipiki: nikiacha betri yenye nguvu nikapewa iliyochoka, nalipia umeme ulioingia au nalipia betri nzima? Tofauti yake kwa mwezi ni ada ya shule.

Kikundi nimewashauri hivi, na wamekubali baada ya mabishano ya jioni mbili. Maombi yaandikwe kwa pikipiki mbili, si tano. Ziwe za betri inayochomoka, kila moja na betri ya akiba. Zichajiwe dukani kwangu kwa mita yao ndogo pembeni, ili umeme wa kikundi usichanganyike na wa friji yangu. Muuzaji aandike kwenye karatasi dhamana ya betri ni miaka mingapi, na ikishuka kiasi gani anaibadilisha. Wawili wameshamfuata na hiyo karatasi, bado hajaijaza. Asipojaza hatuchukui.

Kama unaendesha ya kubadilisha betri, uwe Dar, Kigali au Nairobi, tuandikie hapa: betri moja unalipa bei gani, na kwa siku unabadilisha mara ngapi?