Pingili Saba za Shingo ya Twiga

Shingo ya twiga, ambayo hukaribia urefu wa mita 2, ina pingili 7 tu za uti wa mgongo, idadi ileile iliyomo katika shingo ya panya, ya popo, ya nyangumi na ya binadamu. Kinachotofautiana ni urefu wa kila pingili, ambao kwa twiga aliyekomaa waweza kuzidi sentimita 25. Ndege hawafungwi na hesabu hiyo, maana shingo ya batamaji ina pingili zaidi ya 20. Kinachohitaji maelezo, basi, ni sababu ya mamalia, waliotofautiana mno kwa maumbo na makazi, kushindwa kuongeza au kupunguza pingili hizo.

Jibu mojawapo limo katika kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika kabla ya kuzaliwa. Mgongo wake huanza kama safu ya vipande vya tishu viitwavyo somiti, na jeni za Hox, zinazopanga sehemu za mwili tangu kichwani hadi mkiani, hukiamuru kila kipande kiwe pingili ya shingo, ya kifua au ya kiuno. Kwa kuwa jeni hizohizo hushiriki pia katika uundaji wa viungo vingine, ni vigumu kugeuza hesabu ya pingili bila kuvuruga mengine. Mwaka 1999 mwanabiolojia Frietson Galis alitoa hoja kwamba mabadiliko yanayoifanya pingili ya saba iote mbavu huambatana na kasoro za kuzaliwa na saratani za utotoni. Na kweli, mbavu hizo za shingo huonekana zaidi kwa vijusi vilivyokufa tumboni kuliko kwa watu wazima.

Wapo wachache waliovunja kanuni hiyo: nguva wa pwani ya Afrika Mashariki ana pingili 7, lakini jamaa yake manatii wa Atlantiki ana 6, na slothi wa Amerika, mnyama wa mitini mwenye mwendo wa pole, huwa na pungufu au zaidi ya 7 kulingana na jamii yake. Watafiti wengine hudhani kwamba miili yao, inayotumia nishati polepole, huyastahimili madhara ambayo wengine hawayawezi.

Uteuzi asilia, kwa hiyo, huchagua miongoni mwa maumbo ambayo kiinitete kimeweza kuyafikisha kwenye uhai, na umbo lisiloonekana mbugani huenda halikuwahi kushindana na mengine, kwa kuwa lilikwisha kukomea tumboni.